Bi Rahila na Kaseti ya Mama Yake

Saa mbili asubuhi, Bi Rahila Hamad anavaa hedifoni, anabonyeza kitufe, anasikiliza sentensi moja, kisha anairudisha nyuma. Mara tatu. Ndipo anaandika namna mzee wa Makunduchi alivyoitamka kila sauti.

"Dakika moja ya maneno hunila saa nzima," anasema bila kunitazama. "Na wewe nyamaza, nshapoteza pahala."

Nikaendelea kuandika habari yake daftarini.

Kazi yake, katika ofisi ndogo ya watafiti hapa Mji Mkongwe, ni kuisaidia kompyuta ijifunze kusikia Kiswahili. Mashine hiyo inamwelewa mtu wa mjini. Akizungumza wa shamba au wa visiwani, inababaika. Kwa hiyo zinapitiwa kaseti 140 zilizorekodiwa zamani.

Bi Rahila, mwenye miaka 47, mzaliwa wa kisiwa cha Tumbatu, aliiomba kazi hii mwaka juzi kwa sababu moja: kaseti namba 63. Mwaka 1989 mtafiti alimrekodi mama yake, Bi Mize. Mwaka uliofuata Bi Mize akafariki.

"Sura yake naikumbuka. Sauti imenitoka," anasema. "Inauma, mwanangu, usione nnacheka."

Kaseti husikilizwa kwa zamu, hakuna kuruka. Alisubiri miaka miwili. Mwezi uliopita namba 63 ikafika.

Kumbe! Bi Mize anazungumza Kiswahili cha mjini, safi, polepole. Kitumbatu hakimo hata chembe. Ndiyo adabu ya kwao: mgeni akibisha hodi, husemeshwa kwa lugha yake asije akapata taabu. Bi Mize alimkirimu mtafiti, akamnyima kile alichokifuata.

"Nililia," anasema Bi Rahila. "Sauti ni yake, lakini yule si mama yangu aliyekuwa akiniita toka uani. Yule ni mama wa wageni."

Wenzake walitaka kuiandika kaseti ile "Kitumbatu". Alikataa katakata. "Mashine itadanganyika, iseme imeshatusikia. Haijatusikia!"

Amebaki mmoja tu anayesema kama marehemu: mdogo wake, Bi Mwatum wa Jongowe, huko huko Tumbatu, mwenye miaka 74. Kifua kinamsumbua. Ijumaa Bi Rahila anavuka kwenda Tumbatu na kinasa sauti, peke yake, bila mtafiti.

"Nshampelekea salamu kuwa nnakuja na mashine, karidhia," anasema. "Akianza kunistahi kama mgeni mbele ya mashine, nitauunguza wali wake makusudi. Nataka anigombeze. Mama alikuwa akinigombeza vivyo hivyo."