Zimwi Lililomwita Baba Shemeji

Nilipokuwa mtoto, bado kanzu inanivaa mimi badala ya mimi kuivaa, nyumbani kwetu karibu na mji wa Izki, Oman, palikuwa na sheria moja iliyozipita zote: ukiitwa kutoka bondeni, usiitike. Ngoja uitwe mara ya tatu. Mwanadamu huita hata mara kumi, hasa akiwa mama yako na wewe hujaoga. Zimwi halifiki tatu. Huita mara mbili, kwa sauti ya mtu wako, nawe ukiitika basi, wenzako watakula pilau ya hitima yako.

Sheria hiyo ilikuwa ya Bibi Zuwena, mama yake baba. Alirudi Oman kutoka Unguja na masanduku mawili na mazimwi yake yote. Alipofika, majirani wakamwambia kuna jitu la manyoya linakaa juu ya bonde, refu kama mtende, na nyayo zake hazina mfano. Bibi akalipokea kama mgeni aliyekuwa akimngojea. Zaidi ya hayo akaliongezea kipaji cha kuiga sauti. Alijuaje? Bibi hakuwa mtu wa kuulizwa ushahidi.

Baba alikuwa mwalimu wa hesabu na hakuamini hata tone. "Mama, kitu kikubwa hivyo kitakula nini kule juu? Mawe?"

"Kinakula wabishi," Bibi akajibu, huku akiendelea kuchambua mchele.

Lakini mbishi hasa alikuwa Mjomba Seif, kaka yake mama, kijana aliyekaa kwetu akitafuta kazi, na kazi yenyewe ikimkimbia. Kila asubuhi: "Shikamoo Bi Zuwena! Rafiki yako wa mlimani anakusalimu."

"Marahaba. Siku atakayokusalimu wewe, utayatafuta meno yako ya kuchekea."

Bibi hakumpenda Seif. Nasema kwa adabu.

Siku moja baada ya mvua, nyayo zikaonekana. Zilikuwa kwenye tope kando ya falaji, ule mfereji unaoleta maji mashambani kwetu; kubwa, paka angeweza kujinyoosha ndani ya mmoja akalala. Majirani wakaacha kupeleka mbuzi upande ule. Watoto tukaacha kwenda popote, hata chooni tulikwenda kwa msafara. Baba akainama, akatazama, akasema punda aliteleza. Punda gani mwenye vidole? Bibi akachoma ubani nyumba nzima, na Mjomba Seif akakohoa kwa kicheko mpaka akatoka nje.

Siku chache baadaye, Mjomba aliaga mapema kwamba anakwenda mjini Nizwa kuuliza kazi. Alasiri Baba, Bibi na mimi tukaenda shambani kukata majani ya mbuzi. Shamba letu lilikuwa mdomoni mwa bonde, pale ambapo milima inabanana. Mbingu juu yetu ilikuwa safi, ila kule mlimani wingu limekaa, jeusi kama sufuria la arusi. Waliokulia huku wanajua maana yake. Bonde huwa kavu, mawe matupu, halafu mvua ikinyesha mbali usikoiona, maji hushuka kwa mkupuo na hayamngoji mtu achukue viatu.

"Tufungeni majani haraka," Baba akasema. "Bonde litashuka."

Ndipo tukaitwa.

"Shemejiiii!"

Ilitoka ndani kabisa, mwambani, nzito, ikigonga kuta na kurudi. Mundu ukamponyoka Baba. Mtu mmoja tu duniani alimwita Baba shemeji, na mtu huyo yuko Nizwa. Tena Kiswahili! Jitu la milima ya Oman limesoma Kiswahili wapi? Nikamtazama Bibi. Uso wake ulikuwa ukisema: niliwaambia linaiga.

"Ni upepo," Baba akasema. Mkono wake ulikuwa umeushika wangu mpaka vidole vikafa ganzi.

"Shemejiii…"

Ya pili ilikuwa dhaifu zaidi. Tukangoja ya tatu. Sijawahi kungoja kitu namna ile. Mlimani kukanguruma, wingu likawa limeshuka begani mwa jabali, ndege wakanyamaza. Ya tatu haikuja.

"Twendeni," Baba akasema. "Upepo tu. Twendeni."

Bibi hakwenda. Midomo yake ilikuwa ikisoma Ayatul Kursi. Akaikaza leso kiunoni, akageukia bonde, akapaza sauti kama bi harusi anayeitwa na mumewe:

"Abeee! Nani wewe?"

Halafu, kwa sauti ya kulia: "Mimi Seif! Mguu! Mguu umevunjika!"

Baba akaniacha, akakimbia. Bibi naye akamfuata, akiwa bado anasoma. Walirudi wakimburuta Mjomba kwapani, yeye akipiga mayowe kila jiwe. Walipompandisha tu ukingoni, tukasikia mngurumo, na maji yakatokea kwenye kona, ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba shina zima la mtende. Pale alipokuwa amelala hapakuwa na bonde tena, palikuwa na maji.

Ndipo tukaona miguu yake. Chini ya kila kiatu alikuwa amefunga kwa kamba kipande kipana cha mti, kimechongwa vidole vitano.

"Seif," Bibi akasema, akihema, "ndiyo Nizwa hii?"

"Nisamehe, Bi Zuwena. Ulikuwa mzaha tu."

Baba akaona nafasi yake. "Unaona, mama? Hakuna zimwi."

Bibi akamtazama kwa huruma. "Mwizi mmoja akikamatwa, wezi wamekwisha?"

Siku hizi kazi yangu ni kuchekesha watu, na kisa hiki nimekisimulia jukwaani mara nyingi; watu huanguka kwa kicheko nikifika kwenye vile vidole vitano. Sehemu moja sijawahi kuisimulia huko, kwa sababu haichekeshi. Miaka mingi baadaye, Bibi amekwisha kuwa mtu wa kitandani, nilimuuliza: alipoitika siku ile, alidhani ni nani?

"Zimwi," akasema. "Nilikuwa na yakini."

"Sasa uliitika kwa nini?"

"Na kama silo?"

Akageukia ukutani akalala, kana kwamba nimemuuliza saa ngapi. Mimi nikabaki nimekaa. Baba, asiyeamini kitu, alikuwa na hakika ni upepo, na kwa hakika yake angemwacha mtu afe maji. Bibi, aliyeamini kila kitu, aliacha ufa mdogo katika imani yake, upana wa mtu mmoja, tena mtu asiyempenda. Watu huniuliza kama majitu yale yapo. Sijui, wallahi. Ila nikisikia mtu ana hakika sana, wa upande wowote, huwa namtazama niujue ule ufa uko wapi.