Kioo cha Alfajiri Moja

Mkuu wa idara yetu ya fizikia hakuwahi kutazama nyota hata moja kwa hiari yake. Alikuwa mtu wa suti ya kaunda, beji ya chama kifuani, na mdomo. Cheo alikipata kwa kuwashinda wenzake kupiga makofi. Simwonei nikisema hivyo. Fizikia hakuijua, na ile kidogo aliyowahi kuijua aliiacha kwenye mikutano.

Mimi nilikuwa mwalimu pekee wa kike katika idara hiyo, chuoni, nje kidogo ya Eldoret, na nilikuwa na kazi yangu. Setilaiti za ng'ambo zilikuwa zimenasa miale ya gamma ikilipuka kutoka upande mmoja wa galaksi yetu, mara moja, kufumba na kufumbua, kisha kimya. Ni kitu gani kililipuka huko? Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona mwangaza wa kawaida, huu wa macho, ukitoka mahali pale. Basi kila alfajiri ya kiangazi, kabla mvua za Aprili hazijafunga anga, nilielekeza kamera upande huo, nikitumaini kitawaka tena, na kupiga picha kwenye kipande cha kioo kilichopakwa dawa ya picha, chenye ukubwa wa sinia. Kwenye vioo hivyo nyota hutokea nyeusi, vidoa vidogo vidogo. Mchana nililinganisha kioo kimoja na kingine mpaka macho yakauma.

Kimoja kilikuwa na kidoa ambacho vingine vyote havikuwa nacho. Na mahali ni pale pale! Nilipiga kelele peke yangu maabarani kama mwendawazimu. Niliwaandikia wataalamu wa huko ng'ambo, wakajibu nitume kioo chenyewe wakipime kwa hadubini, maana huenda ni mwangaza wa kweli, huenda ni kasoro ya kiwandani. Bila kioo, walisema, hakuna cha kuzungumza.

Wiki hiyo hiyo tukaambiwa mgeni mkubwa wa serikali anakuja. Lo, chuo kizima kikashika ufagio! Mawe yakapakwa chokaa, ng'ombe wakafukuzwa uwanjani, na kila ofisi ikaamriwa itundike picha mpya ya Rais. Mjini vioo vya fremu vikaisha, kwa sababu kila mwenye duka alikuwa na hofu ile ile.

Nilipotoka darasani nilimkuta mkuu ofisini kwake, anapangusa mikono, meno yote nje.

"Mama, kuja uone kazi. Wengine wanalia ati hakuna glasi, na sisi tuko na glasi mingi huko lab, imekaliwa na nzi tu."

"Nzi gani?"

"Si ni mavi ya nzi, mama! Nimesugua moja na waya ya sufuria mpaka mkono ikauma. Nyinyi watu wa sayansi ni wachafu, aki."

Picha ilikuwa ukutani. Kwenye kona ya chini, juu ya koti la Rais, niliona namba niliyoichora mwenyewe kwa ncha ya almasi ili nisichanganye vioo vyangu. Ilikuwa namba ya alfajiri ile. Waya haukuweza kuifuta, lakini kidoa changu uliondoka nacho.

Machozi yakanitoka. Nilitaka kumnyonga yule mjinga kwa mikono yangu miwili.

"Mnaona? Hata mama ameguswa," akawaambia walimu waliosimama mlangoni. Nao wakapiga makofi, wote, watu wazima wenye digrii. Pumbavu zao.

Kesho yake alinijia tena, mpole kabisa. Kumbe chifu wa eneo letu naye alikuwa hana kioo cha picha yake ya Rais, na mkuu alishamwahidi.

"Zile zingine ziko wapi, mama?"

"Zilivunjika."

"Zote?"

"Zote, bwana mkuu."

Akasikitika, akasema kweli sisi hatujui kutunza mali ya umma. Vioo vilikuwa chini ya kitanda changu, nimevifunga kwa blanketi, vizima: alfajiri zangu zote ambamo hakuna kitu kilichowaka.