Chaki Iliyobaki Nyeupe

Nilipokuwa mtoto, baba yangu alirudi kutoka msituni mikono yake imeganda utomvu wa mpira mpaka vidole haviachani. Mama akaisugua kwa mawese na mchanga, baba anatukana. Ilikuwa enzi za Mbelgiji. Bwana mkubwa mmoja alikuwa amepita kijijini kwetu, upande wa Fizi, akasema kila mwanaume aingie porini akatoe utomvu, kwa sababu kuna watu wanaitwa Wajapani wamechukua mashamba yote ya mpira huko ng'ambo ya bahari, na ndege za vita haziruki bila matairi. Baba akauliza, "Hao Wajapani wametukosea nini sisi?" Akachapwa kiboko kwa swali hilo. Mimi nikakua nikidhani Mjapani ni mdudu wa aina fulani, anayekula mpira.

Mjapani wa kwanza nilimwona nikiwa mzee, hapa Toronto, Mount Dennis, kwenye ukumbi wa chini wa jengo letu, karibu na mashine za kufulia. Anaitwa Mzee Ken. Amezaliwa hukuhuku Kanada, na maisha yake yote alikereza vyuma kiwandani. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuokoteza kwamba ninyi ndio mlioharibu mikono ya baba yangu. Akaitazama mikono yake mwenyewe kwanza, halafu akasema, "Wakati ule nilikuwa na miaka sita."

"Hata mimi," nikasema. Basi tukawa marafiki.

Mzee Ken alikuwa na mchezo wake. Anatandaza karatasi kubwa ya bahari ya Pasifiki juu ya meza, anapanga vifuniko vya chupa, vyekundu meli za Japani, vyeupe meli za Amerika. Yeye siku zote ni Japani. Mimi ni Amerika, ingawa meli kubwa kuliko zote niliyowahi kupanda ni ile ya kuvuka ziwa Tanganyika na mbuzi. Mjukuu wangu Neema, akirudi shule, anakaa katikati yetu akitafsiri. Neema anasikia Kiswahili chote, lakini ukimwuliza kitu anakujibu Kiingereza. Nimeshazoea.

Mchezo wenyewe ni wa kubadilisha yaliyopita. Mzee Ken anasema, leo tuseme zile meli zangu nne hazikuzama. Leo tuseme ndege zangu ziliona mapema. Leo tuseme niliyachoma mafuta yenu bandarini. Na anashinda kweli, anazamisha vifuniko vyangu mpaka naona aibu. Lakini kuna kopo pembeni. Kila raundi ikiisha, mimi nachota humo vifuniko konzi nzima. Yeye anachukua kimoja. Ndiyo sheria, na ameiweka yeye mwenyewe.

"Hivi ni nini?" niliuliza siku ya kwanza.

"Viwanda vyako," akasema. "Unajenga meli haraka kuliko ninavyoweza kuzizamisha."

Kwa hiyo mwisho wa mchezo kila mara nilishinda mimi, na sijui chochote. Neema alikuwa akinitania kwamba mimi ni jenerali wa kwanza kushinda vita huku akisinzia. Mzee Ken anacheka, anapanga upya. Baba yake alikuwa mvuvi kule pwani ya magharibi, na vita vilipoanza mashua yake ilichukuliwa, familia ikahamishwa bara. Nikamwuliza, sasa hata ukishinda hapa mezani, ile mashua inarudi? Akasema hapana. Akaendelea kupanga.

Sasa siku moja, theluji imejaa hadi madirishani, akasema kitu ambacho sijakisahau. Alisema, "Vita vya majini haviamuliwi na nahodha. Vinaamuliwa na fundi anayechomelea." Neema akatafsiri. Mimi nikaweka vifuniko chini. Nikamwambia Neema, mwambie nimekijua kiwanda kimoja cha namna hiyo. Kilikuwa mtu mmoja, na mtu huyo ni baba yako.

Neema hakutafsiri hapo hapo. Nikamwambia, tafsiri tu, mama, na wewe usikie.

Kalemie, mjini kwetu kando ya ziwa Tanganyika, kulikuwa na karakana ndogo ya boti, mali ya Mgiriki aliyekimbia zamani akatuachia funguo. Mimi nilikuwa mpakaji wa rangi na mkwanguaji wa kutu. Mwanangu Wilondja ndiye alikuwa fundi wa kuchomelea. Siku ninayoikumbuka kabla ya matata ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Mama yake Neema alituletea ugali na dagaa, Neema mgongoni. Wilondja alikuwa anapima mshono wa boti, na alikuwa na namna yake ya kupima. Upande wa nje wa mshono anapaka chaki iliyokorogwa na maji, anaacha ikauke. Upande wa ndani anamwaga mafuta ya taa. Halafu unakaa, unakula. Mafuta ya taa hupenya hata pale maji yasipopenya. Kukiwa na tundu la sindano, doa litatokea kwenye chaki. Siku ile tulikula mpaka tukamaliza, chaki ikabaki nyeupe. Wilondja akamwonyesha mwanawe, "Unaona? Hakuna kitu." Mtoto akacheka. Huyo ndiye wewe, nikamwambia Neema.

Wenye bunduki walifika majuma machache baadaye. Nisiseme ni wa upande gani. Walibadilishana, wote walikula kuku zetu.

Kamanda wao alikuwa mtu mpole wa sauti. Alikuta boti mbili za chuma nchi kavu. Akaleta mapipa ya dizeli kwa ajili ya jenereta, na mabamba ya chuma yaliyong'olewa kwenye mabehewa. Alitaka boti zizungushiwe yale mabamba, na mbele kuwekwe kiti cha bunduki kubwa.

"Fundi, utaweza?"

"Nitaweza," Wilondja akasema. Ungesema nini, mtutu ukiwa mbavuni?

Kwenye mji mzima mashine ya kuchomelea ilikuwa moja, na mtu wa kuishika mmoja. Kamanda alilijua hilo. Akamwekea askari wawili wa kumlinda, wakamtania kwamba sasa yeye ni bibi harusi.

Boti ya kwanza ilitoka. Ilikwenda kusini, kwenye vijiji vya kando ya ziwa.

Ilirudi imejaa. Mabati, magodoro, vyerehani.

Na mlango.

Mlango ule niliujua. Niliupaka mimi mwenyewe, rangi ya boti iliyobaki, kijani, na maua mawili mekundu niliyoyachora vibaya. Ni mlango wa nyumba ya shemeji yangu, mdogo wake mama Wilondja. Humo ndani walikuwa wanaishi watu tisa.

Wilondja aliutazama. Akapitisha kidole kwenye maua. Askari mmoja akasema, "Mlango mzuri, eh? Utafaa kwa kamanda." Wilondja akasema ndiyo, utafaa.

Hakulia. Alirudi kwenye boti ya pili akachomelea kutwa.

Asubuhi iliyofuata alimwambia kamanda kwamba mishono imekwisha, imebaki kuipima, halafu kiti cha bunduki. Akapaka chaki chini ya boti, mbele ya watu wote, taratibu, kama mtu anayepaka nyumba yake. Akaingia ndani na debe. Akatoka na debe.

"Sasa?" kamanda akauliza.

"Sasa tunangoja. Doa likitokea mnieleze ni wapi. Msiiguse, itaharibika."

Akavua miwani ya kuchomelea, akaiweka juu ya mashine. Akasema anakwenda kunawa ziwani.

Askari hawakumfuata. Wote walikuwa wanaiangalia chaki. Mtu akiambiwa atazame kitu asikiguse, hawezi kuacha.

Tulingoja. Kamanda aliletewa kiti.

"Haijavuja?"

"Bado, kamanda."

Jua likapanda. Mimi nikapanda ndani ya boti, ati nichungulie. Nikainama kwenye mshono. Harufu ya mafuta ya taa haikuwepo. Nikashika kwa mkono. Pakavu. Hakumwaga kitu. Chaki ile ingebaki nyeupe mpaka kiama.

Nikashuka. Nikasema, "Mafuta ya taa huwa yanachelewa kukiwa na baridi." Hakukuwa na baridi.

Walipogundua walinipiga. Jicho langu la kushoto ni kumbukumbu ya siku ile, kwa wanaoniuliza kila siku kliniki. Walijaribu kumalizia kiti cha bunduki wenyewe, wakaunguza mashine. Boti ya pili haikuingia majini.

Hapo Mzee Ken alisema, kwa hiyo alishinda. Nikamwambia hapana. Wenye bunduki walipata boti nyingine, kwenye karakana nyingine, na fundi mwingine. Konzi nzima, kutoka kwenye kopo. Vijiji vya mbele vilipata labda mwezi mmoja wa kupumua. Katika mwezi huo wapo waliovuka ng'ambo ya ziwa, na sisi tulikuwamo. Mama yake Neema akafia kwenye kambi ya wakimbizi, kwa kuhara. Tumekaa kambi ile tukimngoja Wilondja, halafu tumekaa hapa tukimngoja. Hakuna aliyewahi kutuambia amemwona, akiwa hai au maiti. Nimepanga upya kama Mzee Ken anavyopanga. Tuseme angebaki amalize boti. Tuseme ningeondoka naye. Tuseme ule mlango ningeupaka rangi nyingine, asiutambue. Hesabu hainitokei.

Neema akamaliza kutafsiri. Halafu akaniuliza, kwa Kiswahili, na sikumbuki mara nyingine aliponiuliza kitu kwa Kiswahili: "Babu, alijua kwamba harudi?"

Mzee Ken hakuuliza amesema nini. Alianza kuokota vifuniko, vyekundu na vyeupe pamoja, akavirudisha kwenye kopo moja.

Nilimjibu Neema nilichokiona tu. Baba yako alipita mbele yangu na kipande cha sabuni mkononi. Akasimama kidogo. Akasema, "Papa, wewe baki uangalie chaki." Halafu akafuata reli kando ya ziwa, hakukimbia, na alipofika pale ambapo mtu hushuka kwenda kunawa, hakushuka. Aliendelea kutembea hadi kwenye michikichi, reli ikapinda, naye akapinda nayo.