Dunia Inayoishia Othaya

Ng'ombe ndiye aliyenitafutia kazi. Nilikuwa nimemchora kwenye ukuta wa bucha moja hapa Ruring'u, kando ya mji wa Nyeri, na kwa sababu ambazo hata mimi sizijui, akatoka akitabasamu. Halikuwa tabasamu kubwa. Lilikuwa lile la mtu aliyealikwa harusini na bado hajajua kwamba ataombwa mchango. Mwenye bucha alilalamika kwamba wateja wanamtazama, wanamwonea huruma, kisha wanavuka barabara kununua sukuma wiki. Wiki haikuisha kabla hajampaka chokaa. Lakini kuna mtu alikuwa ameshampiga picha, picha ikazunguka kwenye simu za watu wa Nyeri wakicheka, na mwishowe ikamfikia dada mmoja mwenye miwani.

Dada huyo ana ofisi ya chumba kimoja mjini, juu ya duka la viatu. Alikuwa akitengeneza mchezo wa simu, mmoja wa ile michezo ya mtandaoni ambapo watu wasiojuana hujenga miji, huandaa majeshi na kunyang'anyana nchi kwa akili na subira. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa dunia yenyewe.

"Nataka ramani ya dunia," akaniambia kwa simu. "Lakini ikae kama imechorwa na mtoto wa miaka saba. Mtoto mwenye anajiamini. Mtu akiiona acheke. Niliona ng'ombe yako, nikajua ni wewe."

Sikujua kama nimesifiwa au nimetukanwa. Nikasema asante, nikijua itafaa kwa yote mawili.

Nilikuwa na sababu ya kuitaka kazi hiyo zaidi ya nilivyoonyesha. Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine huwa wa nyumbani kwa bahati mbaya. Mimi nimelifanyia bidii. Nina miaka thelathini na minne, cheti cha kidato cha nne, chumba cha nyuma kwa mama yangu na kiti ambacho kimeshika umbo langu. Mama hunivumilia kwa sababu mimi ni mtoto wake wa pili wa kiume, na kwa desturi yetu nilipewa jina la baba yake. Kwa hivyo hata akinigombeza huniita Baba, na hakuna kinachouma kama kuambiwa "Baba, hata leo hujaoga" na mwanamke aliyekuzaa.

Sasa dada yake mama, ambaye sisi humwita Tata, ana duka la mbegu na dawa za mifugo kule Othaya. Alikuwa amezeeka magoti na alitaka mtu wa ukoo akae naye, alale hapohapo, auze. Mama alikuwa ameshakubali kwa niaba yangu. Othaya si mbali. Mtu huenda asubuhi na kurudi kabla maharagwe hayajaiva. Lakini kuhama ni kuhama, na kiti changu hakikuwa kimealikwa.

"Hiyo ramani ikikubaliwa, kaa," mama akaniambia. "Ikikataliwa, Jumanne baada ya Pasaka unaenda kwa Tata. Na usinipigie hesabu ya kujifanya una homa."

Nikaanza vibaya. Somo pekee nililopita shuleni bila kuonewa huruma ni jiografia, na mkono wangu haujasahau. Ramani ya kwanza ilitoka na vipimo, ufunguo, na mshale wa kaskazini ulionyooka kama askari wa gwaride.

"Hii ni ya mtu mzima anajifanya mtoto," dada wa miwani akasema. "Mtoto hajui kaskazini."

Ya pili nikaichora kwa mkono wa kushoto.

"Hii ni ya mtu mgonjwa. Uko sawa lakini?"

Ya tatu sitaki kuisimulia. Nilikuwa nimeweka jua lenye meno. Akaniambia kwa upole kwamba ananipa mpaka Alhamisi, na baada ya hapo atatafuta mtu mwingine. Upole huo ndio ulionitisha.

Jumatano adhuhuri nilikuwa mezani jikoni, mbele ya karatasi nyeupe, na mama upande wa pili akichagua maharagwe kwenye sinia kubwa. Aliponiona vile akaamua kwamba mambo yameisha, na kwamba afadhali anielekeze njia ya kwa Tata mapema.

"Sikia, Baba. Hapa ni kwetu." Akachukua parachichi, akaliweka katikati ya sinia. "Hii ni kanisa." Nyanya, karibu na parachichi.

"Na Nyeri mjini?"

"Hiyo iko hapo tu." Akasukuma punje moja ya haragwe kando, kama mtu anayeondoa nzi.

Akachora mto kwa kidole, maharagwe yakajitenga. Akapandisha kilima, akachora mto mwingine, akapandisha tena. Akafika mahali akaruka.

"Hapo pana nini?" nikauliza.

"Hapo hakuna mtu."

"Mama, hapo si kwa yule mama mliyeimba naye kwaya?"

"Yule alibeba sufuria yangu ya mazishi akakaa nayo? Sijamweka. Yeye ajijue."

Othaya aliiweka kwenye ukingo kabisa wa sinia, kitunguu kidogo kikining'inia, pumzi moja tu kingeanguka sakafuni.

"Mbona mbali hivyo?"

"Ni mbali. Kuna ile mlima ya mwisho, lazima upumzike mara mbili." Akajigonga goti, kana kwamba ndilo shahidi.

Nikatazama sinia. Kila kitu pale kilikuwa kimepimwa kwa magoti, kwa mapenzi na kwa kinyongo. Anachokipenda kilikuwa kikubwa, kinachomchosha kilikuwa mbali, na aliyemkosea hakuwako duniani. Wala hakukuwa na chembe ya shaka. Mtoto wa miaka saba anayejiamini, tuliyekuwa tukimtafuta wiki tatu, alikuwa ameketi mbele yangu na leso kichwani, ana miaka sitini na kitu. Tafadhali msimwambie.

"Mama, usiguse hiyo sinia."

"Na nitapika nini?"

Tulikunywa chai kwa mkate siku hiyo, na kabla ya jioni nilikuwa nimemaliza dunia. Jikoni kwetu kulikuwa katikati, ukubwa wa Ulaya nzima. Mlima wetu wenye theluji ulivaa kofia ya sufu na ulionekana kutoka kila nchi, kwa sababu mimi sijui nchi ambayo mtu hafungui mlango akauangalia mlima kujua kama ataanika nguo. Kati ya kila nchi na jirani yake nikaweka bonde, mto, na daraja la gogo moja. Ulaya ilikuwa kikombe kikubwa cha kahawa yetu, na wenyeji wake wameketi ukingoni wakipuliza. Japani, magari ya mitumba yalikuwa yakishuka kutoka mawinguni. Palikuwa na pahali peupe palipoandikwa HAKUNA MTU HAPA. Na kwenye ukingo wa karatasi, nchi ya mwisho kabisa, Othaya: Tata amesimama juu ya kilima, pampu ya kunyunyizia dawa mgongoni, akingojea majeshi.

Alhamisi asubuhi nikaituma. Simu ikalia kabla sijakaa.

Kwanza nilisikia kicheko. Kilikuwa kirefu, kikakatika, kikaanza upya.

"Ni hii," akasema. "Ni hii kabisa. Lakini iko na shida moja."

"Gani?"

"Bahari iko wapi?"

Nikaitazama ramani. Mito kumi na saba. Mabwawa mawili. Kidimbwi cha samaki cha jirani, nilichokiweka ili asikasirike. Bahari haikuwako. Nilikuwa nimeichora dunia nzima nikasahau sehemu yake kubwa. Mito yote ilishuka mpaka mwisho wa karatasi ikaishia hapo, kwa sababu huku kwetu mto ukishateremka bondeni ukapita, kinachoupata huko chini ni shauri la watu wa huko.

"Watu wako na meli," akaendelea. "Nusu ya mchezo ni meli. Wataziweka wapi, kwa hiyo bwawa ya samaki?"

"Nitaweka bahari."

"Nipate kesho kabla ya saa nne, hata kama ni Ijumaa Kuu. Na usininakilie bahari ya kwa mtandao. Ya mtu mwingine nitaijua."

Hapo ndipo nilipojiona niko Othaya, nikipima mbegu za kabichi. Bahari sijawahi kuiona. Nimeiona kwenye kalenda tu. Aliyewahi kuiona katika nyumba yetu ni mama, aliyekwenda Mombasa mara moja na akina mama wa kanisa. Nikamfuata kwenye kamba ya nguo.

"Mama, bahari inakaaje?"

"Ni maji."

"Mama."

"Ni maji mingi. Iko na kelele. Ilibeba kiatu yangu, na haikusema pole." Akatundika shuka, akafikiri. "Ati unauliza na iko kwa kabati?"

Nilikuwa nimeipita kila siku. Kwenye kabati la vioo, katikati ya sahani za wageni, juu ya kitambaa alichokifuma mwenyewe: chupa ya nusu lita yenye maji, mchanga kidogo chini, na mfuniko umekazwa kama siri. Watu wa huku wakienda baharini hurudi na chupa yake, maana nani atakuamini? Alipoileta, majirani walikuja mmoja mmoja wakaonja kwa ncha ya kidole, wakakunja uso, wakakubali kwamba kweli alifika. Tangu hapo imekaa.

"Tumia, Baba. Lakini usimwage. Sirudi kuchota ingine."

Nikaiweka mezani, nikailaza ubavu. Nikaichora vilevile: bahari ndani ya chupa, imelala chini ya dunia yote, imetandikiwa kitambaa cha kufuma, meli zote ndani, na kiatu kimoja cha mama kikielea kama kisiwa. Mito kumi na saba nikaielekeza kwenye mdomo wa chupa. Na mfuniko nikauchora pia, kwa sababu mama angeuliza.

Ijumaa saa tatu na nusu, dada wa miwani hakucheka. Aliuliza polepole, "Kwa hivyo mwenye anashika mfuniko ndiye anashika bahari?"

Sikuwa nimefikiria hilo hata kidogo. "Ndiyo," nikasema, kama mtu aliyelipanga tangu Januari.

"Wewe! Watapigania hiyo mfuniko mpaka wachoke." Kisha akaniuliza swali tamu kuliko yote niliyowahi kuulizwa: "Tuko na dunia zingine tatu za kuchora. Utaweza kufanya ukiwa tu nyumbani?"

Nikampelekea mama habari. Alifurahi, akapiga makofi, akarudisha bahari kabatini na kuipangusa. Halafu akageuka.

"Sasa nani atamwambia Tata?"

Ndiyo maana Jumatatu ya Pasaka nilikwenda Othaya kumwambia kwamba siendi Othaya.

Duka lilikuwa wazi. Tata husema ng'ombe hawajui Pasaka. Nilifika nikihema, kwa sababu ule mlima wa mwisho ni wa kweli, na nilipumzika mara mbili. Nikaona nisimzungushe. Nikamwambia, nikampa simu aone. Aliisogeza mbali na macho, akaileta karibu, akajikuta ukingoni mwa dunia.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, Tata."

"Umeniweka mbali."

"Ni mama aliyekuweka."

"Huyo simshangai." Akatazama zaidi. "Kuna mtu amenishinda?"

"Wale wanaojaribu mchezo walifika mpaka daraja lako. Hakuna aliyevuka."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kama aliyepewa habari anayoijua. Alisema atamchukua binti wa jirani, ambaye angalau huamka mapema. Kisha akatoka nje, akanionyesha ukuta wa duka, mweupe na mtupu.

"Na kwa vile umetoka nyumbani mara hii moja, nichoree ng'ombe hapo. Ile yako ya kucheka."

"Tata, yule ng'ombe alifukuza wateja."

"Wa bucha. Mimi siuzi nyama, nauza dawa. Ng'ombe amepona, kwa nini asicheke?"

Nikaazima rangi kwa fundi wa jirani. Tata alileta stuli, akaketi nyuma yangu juani na magoti yake, akawa anaamrisha.

"Mpanue mdomo kidogo," akasema. "Huyu bado ana wasiwasi."