Usitue Mzigo Mbele ya Fisi

Siku ile naikumbuka vizuri kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya, mwanangu. Na usinicheke ninapokuita mwanangu ilhali bado navaa sketi ya shule na mwalimu wa zamu bado ananiandika kwa kuchelewa. Uzee hauji kwa mvi peke yake. Mimi ulinijia alasiri moja, kati ya saa tisa na saa kumi, nikarudi nyumbani na meno yangu yote lakini nimezeeka.

Tulikuwa watatu, tumekwenda kuokota kuni pembezoni mwa msitu wa Mgori. Bibi yangu, mama mzaa baba. Mimi. Na Sada, mdogo wangu, wa darasa la tano, ambaye kila nilipokwenda alikuja, hata nikienda chooni alisubiri nje. Mwaka ule mvua zilikuwa zimetukimbia, ng'ombe walikuwa wanakufa malishoni, na fisi walikuwa wamezoea kula karibu na watu. Kwa hiyo kabla ya kuingia msituni Bibi alitusimamisha akatusomea sheria zake, zilezile alizosomewa na mama yake.

"Tukikutana naye, hakuna kukimbia. Hakuna kutua mzigo. Mwenye kuni kichwani ni mrefu, na fisi anaogopa kirefu. Simama, mtazame, piga kelele. Mdogo anakaa katikati."

Mimi mdomo wangu haujawahi kupata likizo. Nikasema, "Bibi, mimi akija nampa shikamoo tu, nampita."

"Atakuitikia marahaba," Bibi akajibu, "mguu wako ukiwa mdomoni mwake."

Sada alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikaona nimeshinda, maana kwa mchekeshaji kicheko kinatosha, la maana alilosema mkubwa linapita pembeni. Ndivyo lilivyopita.

Tukaokota, tukafunga kwa kamba za magome, kila mtu akaweka ngata yake na mzigo juu. Wakati wa kurudi nilitangulia mimi na shoka mkononi, Sada akafuata na kifurushi chake, Bibi nyuma na panga. Nilikuwa naiga mwendo wa mwalimu wetu wa hesabu, nikitingisha makalio na kuni kichwani, pale kichaka kilipofunguka mbele yetu, akatoka.

Mwanangu, wengi tumemjua fisi kwa sauti yake usiku na kwa hadithi za kumcheka, mjinga aliyefuata njia mbili akapasuka msamba. Huyu hakuwa wa hadithi. Alikuwa na shingo nene kama ya ndama, na alitutazama kama mtu anayechagua nyama buchani.

"Simameni," Bibi akasema, taratibu, kama anaomba chumvi. Kisha akaanza kugonga panga kwenye kuni zake, kwa! kwa! kwa!, akimtukana yule mnyama kwa Kinyaturu, matusi ambayo sikujua kama bibi yangu anayo. Fisi akasimama. Akashusha kichwa. Akageuka ubavu.

Alikuwa anaondoka. Naomba ulishike hilo, maana mimi silali kwa ajili yake. Alikuwa anaondoka.

Nikatupa mzigo, nikakimbia kurudi tulikotoka.

Sijui kwa nini. Miguu haikuniuliza. Nyuma yangu nikasikia kuni nyingine zikianguka, na viatu vya plastiki vya Sada, pa pa pa pa, vinanifuata. Kisha nikasikia Bibi akiita jina lake. Fisi alimpita Bibi kama nguzo ya simu. Aliyesimama hakuwa na haja naye tena, kwa kuwa sasa kulikuwa na anayekimbia, na mfupi.

Nilipogeuka nilikuwa juu ya kichuguu, naye fisi keshamkamata Sada mkono wa kulia. Bibi alimfikia na mzigo wake ungali kichwani, akautupa wote juu ya mgongo wa fisi, akamkata panga mara mbili, mpaka akamwachia akaingia kichakani akilia. Mimi niliyaona yote hayo. Shoka lilikuwa mkononi mwangu. Sikuwa nimelitupa, mwanangu. Kuni nilitupa, shoka nikabaki nalo, na sikurudi nalo.

Tulimbeba kwa khanga za Bibi hadi barabarani, bodaboda akatupeleka zahanati, na kutoka pale wakampeleka Singida mjini kushonwa na kuchomwa sindano za kichaa cha mbwa. Baba alipofika alinishika mabega. "Ilikuwaje? Nani alikimbia?"

Nikasema, "Sada aliogopa akakimbia. Nikamfuata nimrudishe."

Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi, damu imemkaukia kwenye mikono. Alinitazama.

Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nina shida na methali hiyo. Asiyesikia ni mimi, na guu langu hili hapa, zima, linacheza mpira wa pete. Kilichovunjika ni mkono wa mtoto aliyesikia kila kitu. Wahenga hawakutuambia kwamba mara nyingi anayelipa ni yule wa nyuma yako.

Sada alirudi nyumbani na vidole viwili visivyokunjika. Alianza kuandika kwa mkono wa kushoto, herufi zinatawanyika kama mbuzi wasio na mchungaji, na wenzake wakamcheka. Nikajaribu kumchekesha kwa kila nilichonacho. Alitabasamu kwa adabu, kama unavyotabasamia mgeni.

Siku moja Bibi alikuwa anapepeta uwele, nami nikapita na utani wangu kuhusu fisi, kwamba nikimpata nitamshtaki kwa mtendaji wa kijiji. Bibi akaweka ungo chini.

"Fisi nimeshamsamehe," akasema. "Yeye alikuwa na njaa. Wewe pale zahanati ulikuwa na nini?"

Nikatoka kwenda kumtafuta Baba.

Jioni hiyohiyo nilimkuta Sada jikoni akichambua mlenda kwa mkono mmoja. Nikamwambia. Kwamba aliyekimbia kwanza ni mimi, na kwa Baba nimeshakwenda kusema. Akaacha kuchambua.

"Kwa hiyo si mimi niliyeanza?"

"Siyo wewe."

"Wote walisema nilianza mimi, nikaamini. Kila siku najiuliza, kwa nini nilikimbia na Bibi alikataza." Akaendelea kuchambua. "Nilikuona unakimbia, dada. Nikadhani umeona njia."

Niliwahi kudhani kilio kina sauti. Changu cha jioni ile hakikuwa nayo.

Basi sikia, mwanangu, na ukishaelewa umwambie na mwenzako. Ukikutana na fisi, simama. Mzigo ubaki kichwani. Mtazame, gonga chochote ulicho nacho, mtukane ukipenda, Mungu ataziba masikio. Rudi nyuma polepole mkiwa pamoja, mdogo katikati. Usimpe mgongo, maana mgongo kwake ni mwaliko. Na ukishindwa, kwa kuwa woga hauna mbabe, ukakimbia, basi ukifika sema: nilikimbia mimi. Sema siku hiyohiyo. Usimwachie mtoto abebe mbio zako pamoja na kidonda chake. Mimi nilimbebesha miezi minne, na hakuna mshono unaofika hapo.

Mungu akupe miguu mizito siku ya hatari na ulimi mwepisi siku ya kukiri. Akulindie wanaokuja nyuma yako. Nenda salama, mwanangu, na urudi na wote uliotoka nao.