Kamati ya Kunipangia Kazi

Kiwanda chetu kilipouzwa, zama zile za ruksa ambapo kila mali ya umma ilikuwa inatafutiwa mnunuzi, tulipunguzwa kazini kwa adabu kubwa. Tulipewa soda, tukapewa barua, halafu tukaletewa mtaalamu mwenye tai ya maua aje kutufundisha namna ya kupanga maisha yetu ya kazi. Alisema kila mmoja ajiulize atakuwa wapi baada ya miaka mitano. Alisema pia tushirikishe familia. Mpaka leo nikikumbuka hilo la familia, damu inanichemka.

Nilikuwa karani wa bohari, lakini nilichokipenda ni kuendesha. Dereva wa kiwanda alikuwa na mgongo mbovu, na kila alipolala kitandani Landrova ilikuwa yangu. Nikiteremka nayo kwenda Nduruma, vumbi nyuma na usukani mkononi, nilipata raha ambayo sijawahi kuipata hata kanisani, Mungu anisamehe. Mpango wangu ulikuwa huo tu. Watalii walikuwa wameanza kumiminika Arusha, na mimi nilitaka kuwaendesha. Kwa kuwa nililelewa kutii, nikapanda nyumbani mlimani kuwashirikisha.

Baba alikwishafariki, kwa hiyo mwenye kauli alikuwa baba mkubwa, mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa. Nikamwamkia, nikamweleza kwamba natakiwa kuandaa mpango wa kazi. Sikufika hata kwenye neno gari. Akasema jambo zito kama hilo halipangwi na mtu mmoja, liundiwe kamati.

Sasa, pale kwetu kamati iliyojulikana ni moja tu, ya harusi. Hakuna aliyewahi kukaa kwenye nyingine. Baba mkubwa akawa mwenyekiti. Shangazi, aliyekuwa anauza mitumba mjini, akawa mweka hazina. Katibu akawa shemeji, mume wa dada yangu, ambaye alikuwa na ofisi na nyumba Njiro na kwa sababu hiyo aliaminiwa kwa kila kitu. Zikafuata kamati ndogo za chakula, usafiri na mapambo. Nikauliza mapambo ya nini. Shangazi akanijibu kwamba hilo ndilo kamati ndogo itakuja kutueleza.

Walikutana kila Jumapili baada ya ibada. Mimi sikuwa mjumbe, maana bibi harusi hakai kwenye kamati ya harusi yake. Nilikuwa jikoni na mama, nachemsha chai, nikiwasikia wakihangaika na lile swali la miaka mitano. Baba mkubwa lilimshangaza sana. Yeye aliona nitakuwa hapo hapo nyumbani, niende wapi. Shemeji akamfafanulia kwamba jibu la kitaalamu ni meneja. Wakapitisha meneja. Meneja wa nini, hilo likaahirishwa hadi kikao kijacho, nacho kikaliahirisha tena kwa sababu kamati ya chakula ilikuwa haijatoa taarifa.

Nikachoka. Jumatatu moja nikaenda Kisongo, karibu na uwanja wa ndege, kwa Mchaga mmoja aliyekuwa na magari ya kubebea watalii. Alinipa ufunguo, akakaa kiti cha pembeni, akaniacha nimzungushe kwenye njia ya mawe. Tuliporudi akaniambia nianze wiki ileile, msimu umefika na dereva wake mmoja amemkimbia. Nilichotakiwa kusema ni ndiyo. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukimwambia kwamba kuna kamati.

Mwajiri mwingine angenifukuza. Huyu alivua kofia. Alikuwa ameoza mabinti zake, akalielewa jambo kuliko nilivyolielewa mimi.

"Kama kuna kamati, siwezi kukuchukua kienyeji," alisema. "Nitatuma watu."

Na kweli akatuma. Jumapili iliyofuata kamati ikiwa imekaa, wazee wa Kichaga waliovaa makoti walipiga hodi, nyuma yao kreti za soda. Mshenga akasema walikuwa wanapita tu njiani, wakasikia nyumba hii ina binti mwenye mkono mwepesi wa gia.

Shemeji alisimama kueleza kwamba udereva haumo kwenye mpango, tena kwa mwanamke. Akaambiwa akae. Tangu kamati iundwe, hiyo ndiyo mara ya kwanza baba mkubwa alielewa kinachoendelea, na uso ulimng'aa. Aliuliza ukoo wa mwenye magari, akauliza anasali wapi, akauliza kama magari yenyewe yana breki. Shangazi akadai blanketi la bibi, kama inavyodaiwa kwenye mahari. Mshenga akalalamika, kwa kuwa ni lazima alalamike, kisha akakubali. Mimi nyuma ya pazia nilicheka mpaka mbavu zikauma, na hapo hapo nilikuwa naogopa. Neno moja la baba mkubwa lingetosha, na gari lingekwenda kwa mtu mwingine.

Kisha nikaitwa. Ndiyo desturi, binti huletwa mbele ya wageni aulizwe. Nikapiga magoti kwenye mkeka, bado nikizuia kicheko.

"Mwanangu, unawajua watu hawa?" baba mkubwa aliuliza.

Nikasema nawajua.

"Wanataka kukuchukua ukaendeshe magari yao. Na wewe mwenyewe unataka?"

Shuleni nilipelekwa. Kiwandani niliingizwa na mjomba, nikatolewa kwa barua. Umeneja ulipitishwa nikiwa nachuja chai. Kicheko chote kikaisha, machozi yakaanza kunitoka mbele ya wageni, na niliona aibu, lakini furaha ilikuwa kubwa kuliko aibu. Desturi inamtaka binti anyamaze kwanza, aangalie chini, asije akaonekana ana pupa. Mimi nilisema nataka kabla mzee hajafunga mdomo. Nikasema tena nataka, na tena, kwa sauti iliyomtoa mama jikoni na mwiko mkononi, mpaka mshenga mwenyewe akaniinamia na kuniambia, "Basi binti, tumesikia."