Kifungo Chekundu Kwenye Treni ya Moshi

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, na kama unataka kubisha, bisha, lakini ningoje kwanza nimalize. Sikusimuliwa na mtu. Sikuwa nimelewa pia. Pombe sijaonja tangu nibatizwe, na kabla ya hapo nilionja ile ya miwa kidogo tu, tena ya msibani. Nimesoma kisomo cha watu wazima, kwa hiyo ukiona nimeruka mahali au nimerudia, nivumilie.

Mwanangu Nakijwa huniambia kwamba huko ng'ambo anakoishi kuna treni inatoka mjini inakwenda moja kwa moja mpaka uwanja wa ndege. Watu wanapanda na mabegi yao ya magurudumu, hakuna anayemsalimia mwenzake, mara wamefika. Nikamwambia, mwanangu, na mimi nilishapanda treni kwenda uwanja wa ndege, na aliyenisalimia humo sijamsahau mpaka leo. Hakuniuliza ni nani. Anamjua.

Sasa sikiliza. Ilikuwa miaka ile ya shida. Duka la kijiji lilikuwa na rafu na mwenye duka, basi. Nguo tulifua kwa majani ya mpapai. Moto tuliazimana, mtoto anatumwa na kigae kwa jirani akalete kaa. Kifungo cha shati, kifungo tu, ungezunguka Same nzima usikipate. Hilo la kifungo liweke, nitalirudia.

Tulikaa Suji, juu kule kwenye baridi, nyumbani kwa wazazi wa mume wangu. Nakijwa, mtoto wetu wa kwanza, akapata nafasi ya kwenda kusomea uuguzi ng'ambo. Binti wa Suji kupanda ndege! Kanisani walitangaza, akina mama wakapiga vigelegele mpaka mzee wa kanisa akagonga meza. Akateremka Moshi siku tatu kabla, akae kwa shangazi yake. Ndege yake ilikuwa ya saa kumi na mbili jioni.

Alfajiri ya siku ya safari nachota maharage kwenye debe nipike makande, mkono ukagusa karatasi ngumu. Kadi ya njano! Ile kadi ya chanjo, ambayo bila hiyo hawakuruhusu kupanda ndege hata ulie damu. Niliificha mimi. Mimi mwenyewe, kwa mikono hii, kwa sababu kila kitu cha maana nilikuwa nakificha kwenye maharage, panya hawafiki wala unyevu. Halafu nikasahau kumpa. Msichana anakwenda kukosa safari ya maisha yake kwa ajili ya debe la mama yake!

Mume wangu alikuwa na mguu umevimba, halali hakai. Akasema, "Mama Nakijwa, kimbia. Mimi mguu huu utanifikisha chooni tu."

Nikakimbia. Kadi nimeifunga kwenye pindo la kanga, nikateremka mlima mpaka Makanya, magoti yanacheka. Mabasi hakuna, mafuta yalikuwa hayapatikani. Kulikuwa na treni, ile ya kwenda Moshi, ambayo ilitakiwa ipite mapema na ikapita saa nne. Nilipoiona inakuja nilirukaruka pale stesheni kama mtoto. Nikajisemea, nikishafika Moshi, kutoka hapo mpaka uwanja wa ndege nitapata hata punda.

Ndani ya behewa akanipokea mama mmoja mnene, Msambaa, mchuuzi wa kuku. Nitamwita Mama Zaituni. Tenga lake la kuku alilipandisha kwenye benchi linalotutazama, kama abiria.

"Kaa hapa, dada," akaniambia. "Kuku hawa hawana neno. Huyo mwekundu tu ndiye mkorofi, ana roho ya mume wangu."

Nikacheka japokuwa moyo ulikuwa unakimbia mbele ya treni. Nikamweleza habari ya kadi. Akapiga makofi, "Maskini! Na treni hii inavyotembea kama imefiwa!"

Tukafika Same. Ikasimama. Ikasimama tena juu ya kusimama. Jua la Same unalijua, au kama hulijui shukuru. Hapo ndipo akaingia mzee. Nikaona pindo la koti refu zito, jeusi, la baridi ya mlimani, kwenye joto lile! Akakaa kwenye benchi letu la mbele, kando ya tenga. Akanisalimia kwa Kipare, kwa namna ambayo mzee wa ukoo humsalimia mke wa kijana wa ukoo. Palepale nikainamisha macho.

Hapa lazima nikueleze, la sivyo utaniona mjinga. Kwetu wakati ule mkamwana hakumtazama mkwe wake usoni. Si mkwe tu, hata wazee wenzake wa ukoo. Baba wa mume wangu nilimpikia miaka kumi na minne, akala, akashukuru, akafa, wala sijapata kumtazama uso. Chakula nilikiweka kizingitini, nakohoa, naondoka. Akimaliza, naye anakohoa mara mbili, fupi na ndefu, najua bakuli liondolewe. Akiwa na neno kwangu hakuniambia mimi. Aliliambia nguzo ya nyumba, au mbwa. "Wewe mbwa, kesho kuna wageni." Nami namjibu mbwa. Nilimjua mgongo wake, visigino, mikono, masikio kwa nyuma. Nilijua mpaka kivuli. Uso sikuujua. Wala picha hakuwahi kupigwa.

Basi mzee yule wa treni akasema, "Wewe kuku, huyo mama anakwenda wapi na haraka hiyo?"

Nikajua kweli huyu ni mtu wa kwetu. Nikamjibu kuku, kwa Kipare, macho chini: nampelekea mtoto kadi, ndege ni ya jioni.

Mama Zaituni akaangua kicheko mpaka titi likatikisika. "Dada! Kuku wangu ni wa Korogwe, Kipare hajui!"

Nikadhani anatania. Treni ikaondoka. Tukaenda polepole, milima upande wa kulia, vumbi upande wa kushoto. Ajabu moja niliiona lakini sikuitilia maanani: wale kuku, hata yule mkorofi, walikuwa wamekaa kimya wamejikunyata upande mmoja wa tenga, ule wa mbali na koti.

Tulipokaribia Lembeni mzee akakohoa. Mara mbili. Fupi, na ndefu.

Mkono wangu ukanyooka wenyewe kutafuta bakuli! Unaniamini? Miaka sita alikuwa amekwisha kufa, na mkono wangu ukanyooka.

Nikaurudisha. Nikajiambia wazee wote hukohoa. Treni ikasimama Lembeni, naye akasema, bila haraka, "Wewe kuku, mwambie huyo mama ashuke hapa. Akae barabarani. Gari hili halifiki leo."

Nishuke? Lembeni? Niache treni yenye mwendo nikakae barabarani ambako mabasi hayapiti? Nilitaka kubisha, nikakumbuka siruhusiwi, ningembishia kuku. Nikabaki nimekodoa macho magotini kwake. Na hapo, akiwa ameinama kidogo kunipisha, nikaona vifungo vya koti. Vinne vyeusi. Cha tano chekundu, kidogo, cha blauzi ya mwanamke.

Kile kifungo nilikishona mimi. Nilikitoa kwenye blauzi yangu ya arusi, kwa sababu madukani havikuwapo, na mkwe alikuwa anaona baridi. Koti aliletewa na mtoto wake mmoja, akalivaa, na siku aliyokufa wazee wakasema azikwe nalo. Nilisimama pale kaburini. Niliona kifungo changu kinakwenda chini na udongo unakifuata.

Jasho lote la Same likakauka. Ningepiga kelele? Ningekimbilia wapi? Nikuambie ukweli, sikuwaza hata hivyo. Miaka kumi na minne yule mzee hakuwahi kunituma jambo nisilifanye, na miguu yangu haikujua kwamba amekufa. Ikasimama. Ikaenda mlangoni.

"Unashuka?" Mama Zaituni akashangaa. "Na kadi? Nani kakwambia ushuke?"

"Mzee huyu."

"Mzee gani?" Akatazama benchi. Akanitazama. Hakucheka tena. "Dada, hapo wamekaa kuku tu."

Nikaruka chini. Treni ikapiga honi, ikaanza kujivuta. Hapo nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu niolewe. Niligeuka, nikainua macho dirishani, nimtazame. Nilitaka kumwambia asante usoni, mara moja tu.

Kofia ilikuwapo. Chini ya kofia masikio yake mawili, yaleyale, la kulia limekunjika juu. Kati ya masikio hapakuwa na kitu. Sisemi damu, sisemi fuvu. Palikuwa laini, pamesuguliwa, kama tumbo la kibuyu. Hakuna jicho, hakuna mdomo. Na bado nilijua kwamba ananitazama.

Nilianguka kwenye kokoto. Kovu ninalo gotini, ukija nitakuonyesha.

Nikajikokota mpaka barabarani nikilia na kuomba. Sijakaa hata muda wa kuchemsha chai, likaja lori la mapipa, linakwenda Arusha. Dereva akasimama kabla sijanyoosha mkono. Akasema, "Mama, kuna mzee kule nyuma kaniambia kuna mtu Lembeni. Panda." Sikumuuliza mzee gani. Nilipanda, nikakumbatia pindo la kanga yangu njia nzima, Mwanga, Himo, Moshi, Boma Ng'ombe, wala sikufumba macho. Na ile treni? Iliharibika mbele ya Lembeni, kwenye pori tupu. Nilisikia baadaye abiria walilala humo. Mama Zaituni aliuza kuku wake wote hapohapo, wakachomwa.

Dereva akanishusha kwenye njia panda ya uwanja wa ndege. Kutoka pale ni mbali, tambarare tupu. Nikavua kandambili, nikakimbia. Mtu mzima, mama wa watoto watano, peku, nimejifunga kanga kiunoni, nakimbia kuelekea ndege! Nikafika saa kumi na moja, pumzi hakuna, nikamwona Nakijwa wangu amekaa juu ya sanduku nje ya mlango. Nilidhani nitamkuta analia. Alikuwa ametulia kabisa. Paji la uso linang'aa, limelowa.

Nikamkabidhi kadi. Akaichukua kama mtu aliyekuwa anajua. Akaniambia, "Mama, walinikatalia toka saa sita. Shangazi akasema turudi Moshi. Nilikuwa nimeshanyanyua sanduku, palepale babu akaja."

"Babu nani?"

"Babu. Kanitemea maji hapa kwenye paji, hayajakauka mpaka sasa, kanibariki, akasema kaa, mama yako yuko njiani."

"Nakijwa, babu yako amekufa."

"Najua, mama. Sasa ningemwambiaje, babu wewe umekufa? Kwa adabu gani?"

Saa sita! Saa sita mimi nilikuwa Lembeni, na yeye yuko mbele yangu anaongea na kuku.

Wakaanza kuwaita abiria. Nikamshika mkono, nikamuuliza swali moja tu, haraka haraka, watu wanamvuta: "Uso wake ukoje?" Akashangaa. Yeye alikua magotini kwa babu yake, akivuta ndevu zake. Akasema, "Mama, si unamjua? Ana kidoti chini ya jicho la kushoto. Ana mwanya. Akicheka, jicho moja linafunga." Akaingia. Ndege ikapaa nikiwa nimeshika seng'enge, napunga mpaka mkono ukafa ganzi.

Nakijwa amekuwa muuguzi mkuu, ana watoto, nyumba hii ya bati ninayokaa ni yeye aliyeijenga. Hayo ni mazuri. Sasa nikupe yaliyobaki. Nilipomsimulia mume wangu, mtu mzima alilia. Akauliza, "Na mimi? Baba alisema nini juu yangu?" Hakutajwa hata kidogo, jamani. Nilimdanganya. Nilisema kasema mguu utapona. Na ulipona.

Na tangu siku ile, nikipika makande, nikiweka bakuli kizingitini lipoe, nasikia. Fupi, na ndefu. Miaka yote hii. Nageuka upesi sana, upesi kuliko unavyofikiri mwanamke wa umri wangu anaweza, na kila mara nakuta mwanga wa mlango tu. Nakaa, nafumba macho, naweka kidoti chini ya jicho la kushoto, naweka mwanya, najaribu kulifunga jicho moja. Havishikani. Vinateleza kwenye ule ulaini.

Wakamwana zangu watatu nimewaambia: hapa kwangu ni marufuku kuinamisha macho. Mtazameni baba mkwe wenu anapokula, anapokasirika, anapopiga chafya. Yeye aliona haya mwanzoni, sasa amezoea. Nawe unayesoma, kama una mtu unamhudumia kila siku umeinamisha kichwa, kwa heshima au kwa shughuli au kwa hasira, mwinulie macho leo. Mimi wangu alinijia na kila kitu nilichokuwa nakijua kwake, mpaka kifungo. Kilichokosekana ni kile ambacho sikukitazama, na sasa sina mahali pa kukitazama.